Siri, Kiapo na Udadisi: Frimasoni katika Mizani ya Sharia



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, katika halaqa zetu za muhula huu kuna swali lililorudi mara nyingi kuliko mengine: Frimasoni ni watu gani, na Muislamu akisikia kwamba fulani ni mmoja wao afanye nini? Swali hili lina sehemu mbili. Ya kwanza inahusu jumuiya hiyo. Ya pili inatuhusu sisi: macho yetu, ndimi zetu na simu zetu. Wengi hujibu ya kwanza kwa haraka, kisha ya pili wanaisahau kabisa. Somo hili linazijibu zote mbili, na ya pili ndiyo nzito zaidi.

1. Frimasoni ni nini?

Jina lenyewe maana yake ni waashi huru. Asili yake ni vyama vya mafundi wa kujenga kwa mawe huko Uingereza na Uskoti. Baadaye watu wasiokuwa mafundi walianza kupokewa humo, na zana za uashi zikabaki kama alama za mafunzo ya tabia. Ndiyo maana alama yao ni bikari na kipimapembe, na ndiyo maana huvaa aproni wanapokutana. Kwa mujibu wa historia yao wenyewe, mwaka 1717 loji nne za London ziliungana na kuunda Loji Kuu ya kwanza. Mwaka 1723 ikachapishwa katiba yao iliyoandikwa na James Anderson.

Katika loji zinazofuata Loji Kuu ya Uingereza, anayeingia lazima awe mwanamume na akiri kwamba yupo Mungu aliye juu ya vyote, lakini haulizwi ni Mungu wa dini gani. Hupanda ngazi tatu, na katika kila ngazi hula kiapo mbele ya kitabu cha dini yake: Mkristo kwa Biblia, Muislamu kwa Qur'an. Ndani ya loji ni marufuku kujadili dini au siasa. Wanachosisitiza ni udugu, kusaidiana na kutoa misaada.

Siri zao ni zipi? Kubwa ni maneno na ishara za kutambuana na namna sherehe za kuingizwa zinavyofanyika. Lakini hata hizo zilitoka nje zamani. Mwaka 1730 Samuel Prichard alichapisha London kitabu kilichoeleza ngazi zote tatu, na tangu hapo vitabu vya aina hiyo havijakatika. Kiapo chenyewe kilitaja adhabu za kutisha za mwilini kwa atakayetoa siri, mpaka Loji Kuu ya Uingereza ilipoamua mwaka 1986 kuziondoa katika kiapo. Kwa hiyo mtu anayekwambia kwamba hakuna ajuaye lolote kuhusu Frimasoni hasemi kweli. Mengi yanajulikana. Tatizo ni kwamba uvumi unapendeza zaidi masikioni kuliko maelezo.

2. Walifikaje kwetu?

Walifika pamoja na ukoloni. Kitchener, aliyeongoza jeshi lililowashinda Ansari wa Mahdi pale Karari tarehe 2 Septemba 1898, alikuwa Frimasoni, na akawa mkuu wa loji za Kiingereza za Misri na Sudan. Khartoum ikawa na loji zake zama za utawala wa Waingereza. Misri yenyewe ilizifunga loji mwaka 1964, wakati wa Gamal Abdel Nasser.

Afrika Mashariki loji zipo hadi leo, na majengo yao hayajafichwa. Aliyepita Barabara ya Sokoine Dar es Salaam, au Barabara ya Nyerere Nairobi, amepita mbele ya jumba lao. Mtu aliyejulikana zaidi kwa uanachama huo katika ukanda wetu alikuwa Sir Andy Chande, Mhindu aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2017. Viwanda vya familia yake vilitaifishwa na Serikali ya Tanzania mwaka 1967, kisha Serikali hiyohiyo ikampa kuongoza shirika la taifa la usagishaji. Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa Frimasoni wa Afrika Mashariki. Hakulificha jambo hilo. Waandishi wa habari walimuuliza mara nyingi naye akawajibu. Hata hivyo tetesi hazikupungua. Hapo tunajifunza jambo la mwanzo: udadisi usiotaka jibu hauzimwi na jibu.

3. Sharia inasemaje kuhusu siri?

Siri peke yake si dhambi. Watu wa pwani wanajua kwamba ya jando na unyago hayasimuliwi ovyo. Mume na mke wana siri zao, na Mtume (S.A.W.) amekemea vikali kuzitangaza. Kuna wanaotetea Frimasoni kwa hoja kwamba hata Mtume (S.A.W.) alikutana na maswahaba kwa siri katika nyumba ya Al-Arqam. Tuitazame hoja hiyo vizuri. Siri ya nyumba ya Al-Arqam ilitokana na mateso ya Maquraysh, na ilikwisha dharura ilipokwisha. Kilichofichwa kilikuwa mahali na watu. Ujumbe wenyewe haukuwa siri: aliyeingia alijua anaitwa kwenye nini kabla ya kutamka shahada.

Qur'an inatupa kipimo katika Suratun Nisaa, aya ya 114. Maana yake ni kwamba mazungumzo mengi ya faragha hayana kheri, isipokuwa ya mwenye kuamrisha sadaka, wema, au kupatanisha watu. Suratul Mujaadilah, aya ya 9, inakataza kunong'ona kwa ajili ya dhambi, uadui na kumuasi Mtume. Na katika hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, watu watatu wakiwa pamoja, wawili wamekatazwa kunong'onezana wakamwacha wa tatu, kwa sababu jambo hilo litamhuzunisha. Zingatia sababu hiyo. Sharia imeujali moyo wa aliyeachwa nje. Mke asiyejua mumewe huenda wapi kila mwezi ni huyo mtu wa tatu.

Upande wa pili tunao mfano wa Hilful Fudhuul. Kabla ya utume, watu wa Makka walikusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'aan wakaahidiana kumsaidia kila aliyedhulumiwa, baada ya mfanyabiashara mgeni kutoka Zabid kunyimwa haki yake. Mtume (S.A.W.) alihudhuria, na baada ya utume akasema kwamba lau angeitwa kwenye ahadi kama ile angeitikia. Hapa pana udugu na kiapo. Kilichoufanya uwe mwema ni kwamba lengo lilikuwa wazi na kila mtu mjini alijua kilichoapwa.

Basi tuna vipimo vitatu kwa jumuiya yoyote, iwe Frimasoni, iwe kundi la chuoni hapahapa: Je, ninajua ninachoapia kabla ya kuapa? Je, kiapo kinanifunga kwa jambo ambalo Allah amelikataza? Je, siri hiyo inamdhuru mtu wa tatu? Chombo kinachotaka kiapo kwanza na maelezo baadaye kimeshindwa kipimo cha kwanza.

4. Wanazuoni wamesema nini?

Mwaka 1978, Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka lilijadili Frimasoni katika kikao chake cha kwanza. Liliamua kwamba ni miongoni mwa jumuiya za hatari kwa Uislamu, na kwamba Muislamu anayejiunga nayo akiwa anaujua uhalisia wake na malengo yake anatoka katika Uislamu. Uamuzi huo ndio unaotegemewa na wanazuoni wengi hadi leo, na kwetu sisi wanafunzi unatosha: Muislamu asijiunge.

Majirani zetu Wakatoliki, walio wengi hapa Juba, nao wana katazo lao. Papa Clement XII alipiga marufuku mwaka 1738, na Vatikani ikarudia msimamo huo mwezi Novemba 1983. Jambo hili tunakubaliana nao, ijapokuwa dalili zetu ni tofauti.

Atauliza mtu: mbona Amir Abdulqadir wa Algeria alipokewa kwenye loji Alexandria mwaka 1864, baada ya kuwaokoa maelfu ya Wakristo Damascus mwaka 1860? Mbona Jamaluddin al-Afghani aliongoza loji Cairo miaka ya 1870, na mwanafunzi wake Muhammad Abduh, aliyekuja kuwa Mufti wa Misri, naye aliingia? Ni kweli, historia imeandika. Jibu lina pande mbili. Kwanza, kitendo cha mtu, hata akiwa mkubwa, si dalili ya Sharia. Pili, mifano hiyo inatuzuia kuwa wepesi wa kuhukumu. Watu hao waliingia wakitafuta jambo walilolidhania ni jema, na hakuna mwanazuoni makini anayewafuta katika orodha ya Waislamu kwa sababu hiyo.

5. Hukumu ya jumuiya si hukumu ya mtu

Rudi kwenye uamuzi wa mwaka 1978, uitazame sharti yake: akiwa anaujua uhalisia wake na malengo yake. Wanazuoni hawakuiweka sharti hiyo kwa bahati. Kusema jambo fulani ni kufru ni kazi moja. Kusema fulani bin fulani ni kafiri ni kazi nyingine kabisa, nayo ina masharti: ujuzi wake, hiari yake, kuondolewa shaka, na kusimamishiwa hoja. Kazi hiyo ni ya kadhi na wanazuoni. Haikupewa halaqa ya wanafunzi, wala kundi la WhatsApp.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, anayemwita ndugu yake kafiri, neno hilo hurudi kwa mmoja wao. Na Usama bin Zayd (R.A.) alipomuua mtu vitani baada ya kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa upanga, Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama alimpasua moyo akaona kilichomo. Usama alikuwa na ushahidi mkubwa kuliko pete na gari jipya, na bado alilaumiwa.

Tazama uvumi unavyofanya kazi. Msanii wa filamu wa Tanzania, Steven Kanumba, alipofariki Aprili 2012, maneno yalienea hadi nje ya mipaka kwamba Frimasoni wamemtoa kafara. Watu waliapa. Kesi ilipofika mwisho mwaka 2017, hukumu ya mahakama ilikuwa ya kuua bila kukusudia, katika ugomvi wa nyumbani. Waliosambaza habari za kafara hawakurudi kuomba radhi. Suratul Hujuraat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na imetaja majuto yanayofuata.

6. Tetesi zikiingia nyumbani

Naandika haya kwa sababu yametufika. Mjomba wangu, kaka wa mama, aliishi Nairobi miaka mingi. Baada ya amani ya mwaka 2005 alirudi Juba, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Mambo yalimnyookea. Mwaka dada yangu alipoposwa, watu wa upande wa mume walileta ujumbe: wamesikia mjomba wa binti ni Frimasoni, na wangependa kujua kabla ya kuendelea.

Nyumba ilichafuka. Shangazi mmoja aliacha kula chochote alicholeta mjomba. Binamu zangu wawili wakapanga kuifungua simu yake akiwa msikitini na kupekua sanduku lake. Baba aliwazuia. Aliwasomea Suratul Hujuraat, aya ya 12, inayokataza dhana mbaya, kupeleleza na kusengenya, akawaambia kwamba makatazo hayo matatu yamekuja pamoja kwa sababu moja huzaa lingine. Anayedhani atapeleleza, na anayepeleleza atasengenya alichokiona na asichokiona.

Baada ya Isha akaenda kwake mwenyewe, akanichukua mimi. Alisema, "Shemeji, nimekuja kuuliza, sikuja kuhukumu. Watu wanasema hivi na hivi. Nimeona ni haki yako kulisikia kwangu."

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Kisha akakiri kwamba miaka ya nyuma, alipokuwa anatafuta njia za biashara Nairobi, alialikwa na kuingia. Hakupata utajiri humo; alilipa ada kama wengine. Miaka mingi hajahudhuria, lakini hajajitoa rasmi. Kuhusu yaliyoapwa alisema, "Hilo niliahidi kutolisema, shemeji. Niwie radhi."

Baba hakumshika shati. Alimwambia, "Siri yao sina haja nayo. Ninachokiuliza ni swala yako, na kiapo chako kipo wapi mbele ya Allah." Akamkumbusha hadithi ya Abdurrahman bin Samurah (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim: mtu akila kiapo kisha akaona lililo bora kuliko kile alichoapia, alitende lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Kafara hiyo ipo katika Suratul Maidah, aya ya 89: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Akamwonyesha kwamba kujitoa hakumlazimu kuwatangaza wenzake.

Mjomba aliomba muda. Mpaka ninaandika, hajatuambia ameamua nini. Upande wa mume baba aliwapa jibu la kweli, si zaidi na si pungufu, kwa idhini ya mjomba mwenyewe. Wao walichukua wiki tatu, kisha wakasema wanamuoa binti, hawamuoi mjomba wake. Wangeweza kukataa pia, na ingekuwa haki yao. Mama bado hulia usiku akimuombea kaka yake. Kwa hiyo sikuambii kwamba ukifuata adabu ya Sharia kila jambo litaisha vizuri. Nakuambia kwamba nyumba yetu haijavunjika, mjomba bado anaswali safu moja nasi, na mlango wa nasaha haujafungwa. Simu ile ingefunguliwa, yote matatu yangepotea.

7. Matapeli wa simu

Udadisi wetu una soko. Karibu kila mwanafunzi amewahi kupata ujumbe unaomkaribisha kujiunga na Frimasoni ili apate nyumba, gari na fedha, kwa sharti la kutuma ada ya usajili. Mwenzetu mmoja alituma fedha za muhula mzima, kisha akatishwa kwamba akisema atadhurika. Alikaa na hofu hiyo miezi kadhaa bila kumwambia hata aliyelala naye chumba kimoja.

Ufahamu utaratibu ulivyo: loji halisi humpokea mtu anayependekezwa na wanachama wanaomfahamu, akahojiwa ana kwa ana, kisha wakapiga kura. Hulipa ada, halipwi. Anayekuahidi utajiri kwa ujumbe wa simu ni mwizi tu, hana bikari wala kipimapembe. Aliyeingia mtego huo hana dhambi ya kuvunja kiapo chochote kwa kusema. Aseme mapema, kwa mtu anayemwamini na kwa polisi. Nasi tusimcheke, maana kicheko chetu ndicho kinachowafanya wengine wanyamaze.

8. Sisi nasi tunadadisiwa

Ndugu msomaji, sisi Waislamu ni wachache katika mji huu. Jirani zetu huuliza tunafanya nini usiku wa Ramadhani, kwa nini twavua viatu, dhikri ya nyumbani kwa sheikh ni ya nini, na mbona wanawake huingia mlango mwingine. Wengine wameshajipa majibu. Hatupendi kudhaniwa vibaya kwa sababu tu mtu hajaingia ndani akaona. Basi tuwapimie wenzetu kwa pishi ileile tunayotaka kupimiwa. Na anayetuuliza kwa heshima tumjibu kwa heshima, tumkaribishe, aone. Dini yetu haina chumba cha ndani ambacho hufunguliwa kwa aliyeapa tu.

Tufupishe somo. Usiapie usichokijua. Ukimshuku mtu, muulize yeye kabla hujamuuliza jirani yake. Akikujibu, pokea dhahiri yake na umwachie Allah batini yake. Akikosea, mnasihi kwa faragha, kwani faragha hiyo ndiyo siri yenye kheri iliyotajwa katika Suratun Nisaa.

Maswali ya kujadili katika halaqa

(a) Taja tofauti mbili kati ya siri ya nyumba ya Al-Arqam na siri ya jumuiya zinazoapisha kabla ya kueleza.

(b) Mke ana haki gani ya kujua jumuiya anazojiunga nazo mumewe? Zingatia hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) na pia katazo la kupeleleza.

(c) Rafiki yako amekiri kwako kwamba amejiunga na kundi la siri. Utamwambia nini kwanza, na nani mwingine ana haki ya kuambiwa?

Allah atuonyeshe haki kuwa haki na aturuzuku kuifuata, atuonyeshe batili kuwa batili na aturuzuku kuiepuka, na awahifadhi jamaa zetu waliopo karibu na waliopotea njia. Wabillahi tawfiiq.